Mzee Yuko Jikoni

Simu ya Mama Mikate iliingia saa nne asubuhi, siku ya tisa tangu Mzee Kifuniko azikwe, na mkewe akaipokea kwa mikono iliyojaa maganda ya matofaa. Mama Mikate hakuwa mtu wa salamu ndefu. Alikuwa na tanuri tatu, wafanyakazi kumi na mmoja, na keki za kufikishwa mahotelini kabla ya adhuhuri. Akauliza lile lile aliloliuliza kila wiki kwa miaka minne.

"Mzee yupo?"

"Yupo," mjane akasema. "Yuko jikoni."

Ulimi hauna mfupa, na asubuhi ile hata akili haikuwa karibu kuushika. Binti yake, aliyekuwa ameketi mbele yake akikata matofaa vipande vinne vinne, alibaki na kisu hewani. Mama Mikate akasema alidhani wamesafiri, maana wiki nzima hawakuleta kitu. Mjane akajibu kwamba walikuwa na msiba upande wa mume, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu ukilitazama kwa jicho moja. Mama Mikate akaagiza vichupa thelathini vya sosi kama kawaida, akasema Mzee apewe pole zake, akakata simu.

"Mama," binti akasema.

"Nimezoea tu. Umeniona mwenyewe, nimezoea."

"Basi mpigie umwambie."

"Nitampigia," mjane akasema, akachukua tofaa lingine.

Mazoea yana taabu, na haya yalikuwa na historia yake. Marehemu alikuwa mlinzi wa geti kwa miaka ishirini na mitatu, katika nyumba moja ya watu waliokuja kikazi na kuondoka kikazi. Siku wanahama, wenzake wa nyumba za jirani walisikia kwamba atapewa kiinua mgongo cha maana. Alipewa sufuria. Ilikuwa ya umeme, nzito, yenye chungu cha udongo ndani na kifuniko cha kioo, ya kupikia polepole kutwa nzima. Mke alipoiona aliketi kitandani akacheka mpaka akachoka, kisha akauliza umeme wa kutwa nzima utalipwa na nani.

Lakini ni yeye huyo huyo mke aliyeifanya sufuria ile ilipe. Alinunua sokoni matofaa yaliyopondeka, yale yanayouzwa kwa ndoo mchana jua likishayachosha, akayamenya, akayatoa mbegu, akayakamulia limau, akatia mdalasini na tangawizi na sukari kidogo tu, akayaacha kwa moto wa chini kwa muda wa saa nane. Maji hakutia hata tone. Kilichotoka kilikuwa sosi nzito ya rangi ya udongo mwekundu, ambayo ukiipaka kwenye mkate unasahau ulikuwa na njaa ya kitu kingine. Akajaza kichupa kimoja, akakipeleka kwa Mama Mikate. Mama Mikate alionja, akasema si mbaya, ila sosi za akina mama zimejaa mji mzima na yeye hana pa kuziweka.

Wiki iliyofuata alikwenda mume, na sosi ile ile, kichupa kile kile, akiwa amevaa sweta lake la ulinzi lenye mabaka mabegani. Mama Mikate alionja, akamwuliza amejifunzia wapi, akaagiza kumi. Ndivyo dunia ilivyo, wala usiniulize mimi. Mwanamume akipika huulizwa siri yake. Mwanamke akipika huulizwa chumvi iko wapi. Binti, aliyekuwa akifanya kazi duka la kutoa nakala, akachapisha lebo: SOSI YA MZEE. Vichupa kumi vikawa thelathini, na kodi ya vyumba viwili na jiko ikawa inalipwa kabla mwenye nyumba hajaanza kuguna.

Ili uongo ule usiwe mtupu, Mzee alijitafutia kazi. Alilinda kifuniko. Alisikia mahali kwamba ukifunua sufuria ya namna ile umeiba nusu saa ya moto, na maneno hayo yakamwingia kama amri. Alichukua stuli, akaketi nyuma ya pazia linalotenga jiko, redio miguuni, macho kwenye saa ya ukutani. Saa sita za kwanza hakuna kugusa. Baada ya hapo aliinuka, akalaza mwiko kwenye mdomo wa sufuria, akaegemeza kifuniko juu yake, mvuke ukapata pa kutokea na sosi ikakaza kwa saa mbili za mwisho. Kazi yake yote ilikuwa hiyo. Mtu akinyoosha mkono kabla ya wakati, Mzee alikohoa, mara moja, kikohozi kifupi cha getini. Alisema mlinzi mwenye akili hapigani na mwizi. Humjulisha tu kwamba yupo. Majirani wa ua ule wakamwita Kifuniko, naye akalipenda jina. Simu za Mama Mikate hakuzipokea hata siku moja, kwa sababu asingeacha lindo. Mke ndiye aliyejibu: yupo, yuko jikoni.

Kisha ndugu yake akaugua, huko walikozaliwa, safari ya siku mbili. Mzee akaenda kumwona. Ndugu akapona, akafa Mzee, ghafla, kwa moyo. Mke na binti walifika wakakuta kaburi limeshachimbwa. Mjane hakulia. Alijibu pole za watu, akakunja nguo za mumewe, na wakwe zake wakatazamana wakasema moyoni mwao yaliyo mioyoni mwa wakwe. Siku ya nane alikuwa amerudi kwenye nyumba ambayo hakuna mtu aliyeona kifo ndani yake.

*

Mjane hakumpigia Mama Mikate siku ile ya tisa, wala kesho yake. Alimwambia binti kwamba watapeleka oda hii kwanza, kisha watasema. Huwezi kumpa mtu habari ya kifo mikono mitupu. Binti alijua sababu ya kweli na mama alijua kwamba binti anaijua. Siku Mzee akifa machoni pa Mama Mikate, sosi inakuwa tena sosi ya akina mama, na mji umejaa.

Alhamisi akaja dereva wa Mama Mikate na pikapu. Alikuwa kijana mcheshi, mwenye mdomo usiotulia, na kila wiki alizoea kusalimiana na Mzee kupitia pazia: yeye anapaza sauti, Mzee anakohoa, biashara imekwisha. Mjane alikuwa amesimama mlangoni na kasha la vichupa mikononi. Binti alikuwa uani, akianua nguo. Redio ilikuwa imewashwa, kwa kuwa mjane alikuwa ameona kwamba jiko bila redio ni jiko linalosema ukweli.

"Shikamoo Mzee," dereva akaita.

Mjane alitaka kusema kitu, amelala, anaoga, chochote. Dereva aliinamisha kichwa upande, akasikiliza, akatabasamu.

"Haya Mzee. Nitawaambia."

Akabeba kasha, akaondoka. Mjane alibaki pale pale mpaka mikono yake ikakumbuka kwamba haishiki kitu. Ndani ya jiko redio ilikuwa ikisoma bei za mazao. Alijiambia kwamba mtu aliyezoea kujibiwa hujijibu mwenyewe, kama yeye alivyofanya kwenye simu, na kwamba vijana wa siku hizi wanasikia nusu na kubuni nusu. Aliridhika na maelezo hayo kwa siku nne.

Siku ya tano Mama Mikate alipiga simu kuuliza kama wataweza, maana Mzee amemtumia dereva ujumbe kwamba matofaa ya wiki hii yatakuwa machachu, wasishangae sosi ikichelewa. Mjane akasema wataweza. Akashuka sokoni. Ndoo zote zilikuwa na matofaa mabichi ya kijani, machachu kiasi cha kukunja uso, kwa sababu lori la kawaida lilikuwa limeharibikia njiani tangu jana yake. Dereva alikuwa ameupeleka ujumbe ule Alhamisi.

Hakumwambia binti. Alinunua ndoo mbili, akaongeza sukari, akapika.

*

Uongo ukishaingia nyumbani unahitaji kitanda. Ili dereva asishuku, sweta lilirudi msumarini nyuma ya pazia, na stuli ikarudi mahali pake mbele ya saa. Hayo yalipangwa. Mengine yalikuja yenyewe. Mjane na binti walianza kuzungumza kwa sauti ya chini wakiwa karibu na pazia. Walianza kuingia jikoni kwa ubavu, wakiipisha stuli ambayo wangeweza kuisukuma kwa mguu. Siku moja binti aliingia kuchukua chujio, goti lake likagusa ile stuli, na akasema, "Samahani baba," kisha akatoka nje uani akasimama kwenye jua bila chujio.

Na hakuna aliyefunua kifuniko. Kwa wiki tano wanawake wawili wazima, ambao mmoja wao ndiye aliyeibuni sosi ile, walikaa wakisubiri saa sita zitimie na hawakuthubutu hata kuchungulia. Mara mbili mjane alichelewa sokoni, akafika akitweta, akakuta mwiko umeshalazwa na kifuniko kimeegemezwa. Mara ya kwanza alimshukuru binti. Mara ya pili hakushukuru mtu, kwa kuwa binti alikuwa bado kazini.

Majirani walijua kila kitu, maana ua mmoja hauna siri. Walishatoa rambirambi, walishachanga nauli ya msiba, na sasa walisikia mama wa watu akimwambia dereva kwamba Mzee anapumzika. Walinyamaza. Mke wa fundi viatu alikuja jioni moja kuazima ungo, akasema kwa upole kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha kifo sasa ataumbuliwa na nini. Mjane akampa ungo.

Kisha akapiga simu shemeji, yule ndugu aliyepona. Alikuwa mtu wa taratibu, mwenye sauti iliyofanana na ya marehemu kiasi kwamba mjane hakupenda kuisikia. Alieleza kwamba fundi wa mawe amekubali bei, kaburi litajengewa mwezi ujao, na wanataka kujua jina liandikwe kamili au kwa kifupi. Mjane alikuwa akikaza vifuniko vya vichupa, simu ameibana kwa bega.

"Sasa shemeji, unasemaje? Liandikweje?"

"Ngoja nimwulize," mjane akasema. "Yuko jikoni."

Hakuna aliyekata simu. Mjane alisikia pumzi ya mtu aliyemshusha kaka yake kaburini kwa mikono yake mwenyewe, na pumzi hiyo ilikuwa ikingoja. Kilichomtisha baadaye, binti alipomletea maji, hakikuwa maneno aliyoyasema. Ilikuwa ni kwamba alikuwa ameshageuka kuelekea pazia, na shemeji, mtu mzima mwenye akili zake, alikuwa ameamua kusubiri jibu.

*

Mama Mikate alikuja mwenyewe Jumamosi mchana, bila taarifa. Gari lake lilijaza nusu ya ua. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, mwenye unga kwenye kope hata siku za mapumziko, na alikuja na mfuko wa mikate na habari njema: hoteli mbili mpya zimeitaka sosi. Alitaka vichupa mia moja kwa wiki. Angenunua sufuria nyingine nne kwa pesa yake, awakate polepole kwenye malipo. Jambo moja tu. Hoteli zinapenda kitu chenye sura, kwa hiyo alitaka picha ya Mzee kwenye lebo, amekaa pale pale anapokaa, na sweta lake.

"Amelala," mjane akasema.

"Saa tisa mchana, na sufuria iko motoni? Mzee yule?" Mama Mikate akacheka. "Niache nimsalimie. Mimi si mgeni."

Na kabla mjane hajainuka kwenye kigoda, Mama Mikate alikuwa ameshainua pazia na kuingia, pazia likaanguka nyuma yake.

Binti alimshika mama yake mkono. Walisikia viatu vya Mama Mikate vikisimama. Walisikia redio ikipunguzwa sauti. Kisha wakasikia sauti ya Mama Mikate, ya chini, ya heshima, sauti ambayo hakuitumia na wafanyakazi wake wala na mjane, ikisema maneno machache, ikanyamaza, ikasema tena machache. Vituo vile vya katikati vilikuwa na urefu wa jibu. Mjane alifikiria kukimbia, akakumbuka kwamba hii ni nyumba yake.

Mama Mikate alitoka akiwa amebadilika uso. Aliketi kwenye kiti kilicho karibu, akakunja kanga yake magotini.

"Amekonda," akasema. "Mbona hukuniambia kama anaumwa?"

Mjane alivuta sahani ya maganda karibu yake.

"Sikumchosha. Tumesema mawili matatu tu. Lakini yule mtu anahitaji daktari, mama, siyo kiti cha jikoni." Akafungua mkoba, akatoa bahasha, akaiweka chini ya sahani ya maganda kama watu wanavyofanya wanapotaka kutoa bila kushukuriwa. "Mpelekeni hospitali Jumatatu. Mambo ya oda tutayasema akipata nafuu. Bila yeye siwezi kuahidi hoteli kitu."

Gari lilipoondoka, binti ndiye aliyeinua pazia. Stuli ilikuwa tupu. Sweta lilining'inia msumarini, mikono chini, limelegea kwa mvuke. Redio ilikuwa ikinong'ona. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na robo, matunda yalikuwa yametiwa saa tatu asubuhi, na kwenye mdomo wa sufuria mwiko ulikuwa umelazwa, kifuniko kimeegemezwa, mvuke ukitoka kwa adabu upande mmoja.

"Ameweka Mama Mikate," binti akasema haraka.

"Mwiko unakaa wapi?"

"Ndani ya ndoo ya unga."

"Na Mama Mikate anajua?"

Binti alishusha pazia. Usiku huo alilala chumbani kwa mama yake, kama alipokuwa mdogo.

*

Bahasha ilikaa chini ya sahani siku mbili. Jumatatu binti alirudi kutoka kazini akakuta bado ipo, na hapo akasema aliyokuwa ameyabana kwa wiki tano. Alisema hizo ni pesa za kumtibu maiti. Alisema wamechukua mikate ya yule mama, pole zake, na sasa dawa zake. Alisema yeye anaogopa kuingia jikoni kwa baba yake mwenyewe, baba aliyempenda, na kwamba hajawahi kumlilia kwa sababu kila akitaka kulia anakumbuka baba yupo nyuma ya pazia na atamsikia.

"Mwambie, mama. Tutapata kazi nyingine. Nitaongeza masaa dukani."

"Unadhani ni oda?"

"Si oda?"

Mjane alifuta meza iliyokuwa safi. Ilikuwa oda, akasema, mwanzoni. Sasa haikuwa oda tena. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita, na kwa miaka thelathini hakuna siku aliyoingia ndani asijue mume wake yuko wapi. Mzee alikuwa mtu wa kukaa mahali pamoja. Wengine waliolewa na wazururaji, yeye aliolewa na geti.

"Nikimwambia Mama Mikate, baba yako ataondoka," akasema. "Na safari hii nitakuwa nimemtoa mimi."

Binti alisogeza ndoo ya matofaa. Alichukua kisu, wakamenya matofaa mpaka giza likaingia, na hawakuwasha redio.

Jumatano alfajiri mjane alijaza sufuria, akaiweka moto wa chini. Saa tatu, binti akiwa anajiandaa kwenda kazini, aliingia jikoni peke yake. Aliisukuma ile stuli kwa mguu mpaka ukutani. Ilikwaruza sakafu, na binti, chumbani, alisikia. Kisha mjane alisimama mbele ya sufuria, akanyoosha mkono, akashika kifuniko cha kioo.

Alisubiri kikohozi. Alikuwa na hakika atakisikia. Shingo yake ilikuwa imeshajikaza kukipokea. Redio ilikuwa imezimwa, maji yalitona bombani, uani mtoto wa mtu alikuwa akihesabu kwa sauti. Alifunua.

Mvuke ulimpiga usoni, mdalasini na limau, ukapanda darini ukapotea. Vipande vilikuwa havijalegea bado. Alisimama na kifuniko mkononi dakika moja, dakika mbili, akiacha moto uibiwe wote, na hakuna mtu aliyemjulisha kwamba yupo. Sweta lilikuwa sweta tu. Alilitoa msumarini, akalikunja, akafunika sufuria, akaenda kuoga.

*

Kwa Mama Mikate wauzaji walipitia nyuma. Msichana wa kaunta alimwelekeza hivyo hivyo bila kuinua macho, na mjane akazunguka, akaketi kwenye gunia la unga kati ya kijana wa mayai na mzee wa kuni, akingoja aitwe. Alingoja saa nzima. Aliyezoea kuja huku ni pikapu. Uso wake hakuna aliyeujua, na zamu yake ilirukwa mara mbili. Hatimaye Mama Mikate mwenyewe alipita na trei, akamwona, akasimama.

"Mama? Mmekwenda hospitali?"

Mjane alisimama, unga nyuma ya gauni.

"Mzee amefariki," akasema.

Mama Mikate aliweka trei juu ya magunia. "Lini?"

Tarehe mjane alikuwa nayo. Alikuwa ameirudia njia nzima, tarehe na mwezi, ili isimponyoke. Akafungua mdomo kuitaja.

"Leo asubuhi," akasema.

Mama Mikate alimkumbatia pale pale mbele ya watu wa mayai na kuni, akamwingiza kwenye chumba kidogo cha hesabu, akafunga mlango. Huko mjane alieleza yaliyobaki, bila kuruka kitu: ndugu aliyepona, kaburi, simu ya siku ya tisa, pazia, redio, sweta. Alisema wiki ya saba hii tangu azikwe. Akaiweka bahasha mezani, haijafunguliwa, akasema anaomba radhi na haombi oda.

Uso wa Mama Mikate ulisawijika taratibu.

"Jumamosi nilizungumza naye."

Mjane alisema anajua. Alisema jiko lilijaa mvuke, sweta lilikuwa msumarini, na macho ya mtu humwonyesha anachokuja kukiona.

"Macho niachie. Sikumwona vizuri, ni kweli, mvuke ulikuwa mwingi. Nasema nilizungumza naye. Nilimwuliza, akanijibu."

"Alisema nini?"

Mama Mikate alitazama mlango, kama mtu anayehakikisha umefungwa. Alisema alimweleza Mzee habari za hoteli, na za picha. Mzee akakohoa. Kisha akasema picha mkampige mke wangu. Akasema sosi ni ya yule pale nje, tangu kichupa cha kwanza, mimi hapa nalinda kifuniko tu.

"Nikadhani ni unyenyekevu wa mgonjwa," Mama Mikate akasema. "Wagonjwa husema hivyo. Sikukuambia kwa sababu sikumwamini."

Mjane alimchunguza usoni kwa muda mrefu, akitafuta huruma, maana watu wema husema uongo wa namna hiyo msibani. Lakini Mama Mikate hakuwa mtu wa huruma ya namna hiyo, na kwa mara ya pili aligeuka kuutazama mlango.

Miaka minne watu walimpongeza Mzee mbele yake. Wageni walikula, wakasifu mkono wa Mzee, naye Mzee akainamisha kichwa akasema ni kawaida tu, huku yeye akikusanya sahani. Hakuwahi kudai. Alikuwa akingoja tu, kila mara, kwamba labda leo mume wake atageuka amwonyeshe kwa kidole.

"Sasa ndiyo anasema," mjane akasema, kwa hasira, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye tanuri. Akarudia tena, sasa ndiyo anasema, na kabla hajamaliza alikuwa ameanza kulia.